Macho ya Kuazima: Nani Amlipe Anayemsomea Mfanyakazi Asiyeona?



Somo letu la mara hii ni juu ya kazi, karatasi na pesa. Lisomeni kwa sauti, sehemu moja moja, ili hata yule asiyejua kusoma na yule asiyeona wapate kulifuata sawa na wengine. Mkifika penye maswali, simameni mjadiliane kwanza kabla ya kuendelea. Somo lote linaweza kumalizika katika mikutano miwili.

Shabaha ya somo: Tukimaliza, kila mmoja wetu aweze kueleza ni kwa nini mfanyakazi asiyeona anahitaji msomaji kazini, ajue pesa za msomaji huyo zinaweza kutoka wapi, na aweze kumsaidia mwenzake kuziomba kwa njia inayofaa.

1. Barua iliyosomwa nusu

Tuanze na mfano. Mtu tunayemsimulia hapa hatukumpa jina, kwa sababu walio kama yeye ni wengi.

Mama mmoja asiyeona aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi katika chama cha ushirika cha maziwa. Kazi yake aliijua. Simu ikilia alijibu vizuri, mkulima akiingia alimtambua kwa sauti kabla hajajitaja, na hesabu za lita alizikumbuka kichwani kuliko wengi wenye daftari. Taabu ilikuwa moja tu: barua. Kila asubuhi bahasha zilifika mezani pake, na yeye hakuweza kuzisoma. Basi akawa anamngoja kijana wa uhasibu amalize shughuli zake aje amsomee. Kijana hakuwa mbaya. Lakini alikuwa na kazi yake mwenyewe, na hakuna aliyemlipa kwa hiyo ya pili.

Siku moja ilikuja barua ya benki. Kijana aliisoma akiwa amesimama, mguu mmoja ndani, mwingine nje. "Wanataka orodha ya wakulima," akasema, akaenda zake. Hakusoma mstari wa mwisho, ule uliosema orodha ifike kabla ya Ijumaa. Ijumaa ikapita. Malipo ya wakulima yakachelewa wiki nzima, na watoto wengine wakarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Jumatatu mama akaandikiwa barua ya onyo. Na hiyo nayo, nani wa kumsomea? Ni yule yule kijana.

"Mama, hii imetoka kwa meneja. Nisome?"

"Soma, mwanangu. Na leo usiruke mstari."

Jumapili iliyofuata mambo hayo yalifika katika mkutano wa kikundi chake. Mwenyekiti alimwonea huruma, akasema, "Mama, kama kazi imekushinda, si uiache tu? Sisi wenzako tutakuchangia ufungue kibanda."

Mama akajibu, "Asante, mwenyekiti. Lakini kazi haijanishinda. Kilichonishinda ni karatasi, na karatasi ina dawa yake."

Maswali: Je, kosa lilikuwa la nani: la mama, la kijana, au la meneja? Mwenyekiti alisema kwa nia njema. Kwa nini mama hakufurahi?

2. Kizuizi kiko wapi?

Watu wengi hudhani asiyeona hawezi kazi ya ofisi. Nchini kwetu jambo hilo lilikwisha kujibiwa zamani. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona huko Thika mwaka wa 1946, na chuo cha ufundi cha wasioona kule Machakos kilianza mwaka wa 1958. Tangu wakati huo wametoka humo na katika shule nyingine walimu, makarani, wanasheria na wapokeaji simu. Wamesoma, wamefanya mitihani, wana vyeti. Wanapofika kwenye mlango wa kazi ndipo wanapokwama, kwa sababu kazi imeandikwa kwenye karatasi.

Hebu tufikiri hivi. Fundi akiajiriwa hupewa nyundo. Dereva hupewa gari, na mafuta hutiwa na mwenye gari. Ofisi ikiwa na giza, huwekwa taa, na mwajiri hulipa stima kila mwezi. Taa ile ni ya nani? Ni ya wenye macho, wapate kusoma. Asiyeona haihitaji hata kidogo. Lakini umewahi kusikia mwajiri akisema, "Hawa wafanyakazi wanaoona wananigharimu sana kwa stima"? Hakuna. Twaona ni jambo la kawaida, ni chombo cha kazi.

Basi anayemsomea mfanyakazi asiyeona ni kama ile taa. Yeye pia ni chombo cha kazi. Hilo ndilo jambo kubwa katika somo hili, na mengine yote yanatoka hapo. Msaada wa kusoma ukitolewa kama huruma, utakuja siku mtu akiwa na nafasi, na utakosekana siku akiwa na haraka. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Macho ya kuazima nayo ni hivyo hivyo: mwenyewe akiyahitaji, huyachukua, nawe unabaki na barua yako mkononi.

3. Msomaji wa kazini ni nani?

Ni mtu anayelipwa ili kumsomea mfanyakazi asiyeona, au anayeona kwa shida, yale ambayo kazi inamtaka ayasome. Anaweza kuwa mtu wa saa mbili kwa siku, au wa siku mbili kwa wiki. Si lazima awe msomi mkubwa. Lakini lazima ajue lugha za barua zinazofika pale, na lazima ajue mipaka yake. Mipaka yenyewe ni hii:

Asome yote, tangu tarehe ya juu hadi sahihi na mhuri wa chini. Asifupishe ila ameambiwa afupishe.

Asiamue. Kama barua ina matusi, asome matusi. Kama ina habari mbaya, asome habari mbaya. Kuamua ni kazi ya mwenye barua.

Asijaze fomu kwa kichwa chake. Aandike maneno aliyoambiwa, kisha ayarudie kwa sauti kabla ya karatasi kutiwa sahihi.

Atunze siri. Aliyosoma ofisini yabaki ofisini. Tena asiulize namba ya siri ya simu wala ya benki. Wasioona wengi wameibiwa hapo, na mara nyingi mwizi alikuwa mtu wa karibu.

Kwa sababu hiyo si vizuri kumtumia mtoto wa shule kuwa msomaji wa kazi. Mtoto hukosa masomo yake, na kuna mambo ya mshahara na ugonjwa ambayo hayapasi kupitia kinywani mwa mtoto.

4. Hesabu yake

Wacha tupige hesabu ya mfano. Tuseme karani anahitaji msomaji saa 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hizo ni saa 10 kwa wiki, yaani kama saa 40 kwa mwezi. Tuseme wamepatana shilingi 150 kwa saa. Kwa mwezi ni shilingi 6,000.

Sasa tuseme karani huyo analipwa shilingi 30,000. Akimlipa msomaji kutoka mfukoni mwake, anabaki na 24,000. Mwenzake anayeona, meza kwa meza, kazi ile ile, anapeleka nyumbani 30,000. Kwa mwaka tofauti ni shilingi 72,000. Hiyo ni kama kodi ya kutoona. Hakuna bunge lililoipitisha, lakini watu wanailipa kila mwezi.

Na wale wasioweza kuilipa hufanya nini? Hungoja. Hungoja mwenzao anywe chai, amalize simu, arudi kutoka mjini. Kazi ikichelewa, watu husema, "Unaona? Hawa hawawezi."

Swali: Fungueni daftari la kikundi. Ni karatasi ngapi ambazo mweka hazina wetu huzisoma kwa mwezi? Kama angekuwa haoni, angehitaji saa ngapi za msomaji?

5. Wengine wamefanyaje?

Jambo hili si geni duniani. Kuna njia tatu ambazo nchi zimejaribu, na kila moja ina mafunzo kwetu.

Njia ya kwanza ni serikali kulipa. Uingereza ilikuwa na mpango wa kuwalipia wafanyakazi wasioona watu wa kuwasomea kazini. Mwaka wa 1994 mpango huo uliunganishwa na mingine, ikawa mmoja uitwao Access to Work. Mfanyakazi mwenyewe ndiye anayeomba. Akikubaliwa, serikali hulipia msomaji, na hata vyombo vya kusomea. Uzuri wake ni kwamba mwajiri mdogo hana kisingizio cha kumkataa mtu kwa sababu ya gharama, na hata aliyejiajiri mwenyewe anaweza kuomba. Ubaya wake ni foleni. Kufikia mwaka wa 2024 maombi yaliyokuwa yakingoja kujibiwa yalikuwa makumi ya maelfu. Mtu anapata kazi leo, msomaji anaidhinishwa baada ya miezi. Haki inayochelewa huweza kumpotezea mtu kazi kabla haijafika.

Njia ya pili ni mfuko wa faini. Hii mtaielewa upesi, kwa maana vikundi vyetu vinaijua: anayechelewa mkutano hutozwa, na faini huingia katika mfuko wa wote. Huko Ujerumani, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa katika kila nafasi 100 awe na 5 za watu wenye ulemavu mkubwa. Asipofanya hivyo, anatozwa kila mwezi kwa kila nafasi aliyoiacha. Pesa hizo haziendi kujenga barabara. Zinarudi kuwasaidia wafanyakazi wenye ulemavu, pamoja na kuwalipia wasaidizi wa kazini kama msomaji. Tangu mwaka wa 2000 msaidizi huyo ni haki ya kisheria kule, si ombi tu.

Njia ya tatu ni kumwambia mwajiri alipe mwenyewe. Marekani ilipitisha sheria mwaka wa 1990 ambayo inamtaja msomaji kwa jina, kuwa mojawapo ya mambo ambayo mwajiri anapaswa kuyatengeneza ili mwenye ulemavu aweze kufanya kazi. Mwajiri anaweza kukataa tu kama atathibitisha kwamba gharama itamlemea kupita kiasi. Mwenye biashara ndogo hupunguziwa kodi kwa sehemu ya gharama hiyo.

Swali: Kama ni sisi tungepewa kuchagua, ni njia gani ingefaa kijiji chetu, ambapo waajiri wengi ni wadogo? Kwa nini?

6. Hapa Kenya tuko wapi?

Kusema kweli, kwa karatasi hatuko nyuma. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutumia breli na njia nyingine za mawasiliano zinazomfaa, na ya kupata vifaa vya kumwondolea vizuizi. Kenya pia iliidhinisha mwaka wa 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unasema hivi kwa ufupi: kukataa kufanya marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 ndiyo iliyoanzisha Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, pamoja na mfuko wa maendeleo unaosaidia katika mambo kama vifaa na miradi ya vikundi. Sheria hiyo pia ilimfungulia mlango mwajiri wa kibinafsi: aliyeajiri mwenye ulemavu aliweza kuomba kupunguziwa, katika mapato yanayotozwa kodi, kiasi cha asilimia 25 ya mshahara anaomlipa. Na aliyegharimia huduma maalum kwa ajili ya mfanyakazi huyo aliweza kuomba nafuu zaidi, ya asilimia 50 ya gharama. Huduma maalum ni nini, kama si msomaji? Lakini ni waajiri wangapi waliowahi kuambiwa?

Mwaka wa 2025 ilipitishwa sheria mpya mahali pa ile ya 2003. Hii inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya kwenda kwa mwajiri yeyote, kikundi kipitie kwa afisa wa Baraza katika kaunti, muonyeshwe vifungu vya sheria hii mpya juu ya ajira na nafuu za kodi, mvinakili. Mtu akienda na sheria ya zamani mkononi atarudishwa mlangoni.

Kuna nafuu nyingine inayomfaa mfanyakazi mwenyewe. Kwa agizo la serikali la mwaka wa 2010, mtu mwenye ulemavu aliyeandikishwa na Baraza anaweza kuomba asitozwe kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Haiji yenyewe. Lazima aombe na apewe cheti, na cheti kina muda wake, kikiisha ni kuomba tena. Kwa mtu anayemlipa msomaji kutoka mfukoni, nafuu hii peke yake yaweza kuwa sehemu ya pesa za msomaji.

Kwa walimu, Tume ya Kuwaajiri Walimu ina posho ya kumwezesha mwalimu asiyeona kupata msomaji. Mwalimu asiyeipata aulize kwa ofisi ya kaunti, tena aulize kwa barua.

Basi shida imebaki wapi? Imebaki kwa wale walio nje ya serikali: karani wa ushirika, mwalimu wa shule ya kibinafsi, mwenye duka, mshonaji wa vikapu anayepokea oda kwa barua. Hawa hawana posho. Wana haki, lakini haki yao iko mezani kwa mwajiri, na mwajiri hajui. Hapo ndipo kikundi kinapoingia.

7. Je, mashine haziwezi kusoma?

Zinaweza, na ni baraka. Kwanza kabisa ilikuja breli yenyewe, maandishi ya nukta sita yanayosomwa kwa vidole. Aliyeitunga ni Louis Braille wa Ufaransa, aliyepofuka akiwa mtoto mdogo kwa kuumia katika karakana ya baba yake. Alikuwa kijana wa miaka 15 alipokuwa ameunda mpango huo, na akauchapisha mwaka wa 1829.

Leo kuna programu zinazosoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye kompyuta. Mojawapo, iitwayo NVDA, ilianzishwa mwaka wa 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, na hutolewa bure kwa yeyote. Simu nyingi za kisasa nazo zina msomaji ndani yake. Kuiwasha ni katika mipangilio ya simu tu. Kwa hiyo mtu asikubali kuambiwa kwamba vyombo vyote ni vya bei ya dhahabu. Barua pepe, ujumbe wa simu, na waraka uliopigwa chapa vizuri, mashine husoma, na mwenyewe hubaki na siri yake.

Lakini mashine ina mwisho wake. Mwandiko wa mkono huisumbua. Risiti iliyofifia, mhuri uliokaa juu ya maneno, fomu yenye visanduku, ramani, picha: hapo huchanganya au hunyamaza. Na ofisi nyingi za kwetu bado zinaishi kwa mwandiko wa mkono. Tena stima ikipotea, mashine imepotea nayo. Kwa hiyo tusiulize, "mashine au mtu?" Tuulize, "kazi gani ifanywe na mashine, na saa ngapi zibaki za mtu?" Mwajiri akiona kwamba saa ni chache, hataogopa.

8. Hatua za kufuata

Mwenzetu akitaka kuomba msaada wa kusoma kazini, afuate hatua hizi. Kikundi kimsaidie, lakini kisimsemee kana kwamba hana mdomo.

Hatua ya kwanza: Ajiandikishe kwa Baraza. Atahitaji kupimwa katika hospitali iliyoidhinishwa. Mtu wa kikundi amsindikize, lakini maswali ajibu mwenyewe.

Hatua ya pili: Kwa wiki mbili aweke daftari la kusoma. Kila siku iandikwe: nini kilitakiwa kusomwa, nani alisoma, kilichukua dakika ngapi, na aliungoja msaada kwa muda gani. Daftari hili lina nguvu kuliko maneno mengi. Mwajiri anaweza kubishana na malalamiko, lakini ni vigumu kubishana na saa.

Hatua ya tatu: Atenge yale ambayo simu au kompyuta inaweza kusoma, na yale yanayohitaji mtu. Hapo atapata idadi ya saa za kuomba.

Hatua ya nne: Aandike barua kwa mwajiri. Isiwe ya kulia wala ya kugomba. Inaweza kuwa hivi:

"Bwana Meneja, mimi ni karani wa mapokezi katika ofisi yako. Kazi yangu inanitaka nisome barua na fomu za wakulima. Kwa daftari nililoweka wiki mbili zilizopita, ninahitaji msomaji kwa saa 2 kila siku, kuanzia saa tatu asubuhi. Barua pepe ninazisoma mwenyewe kwa kompyuta. Naomba ofisi igharimie saa hizo kama inavyogharimia vyombo vingine vya kazi. Nimeambatanisha daftari, kadi yangu ya Baraza, na vifungu vya sheria juu ya marekebisho kazini na nafuu ya kodi kwa mwajiri. Naomba tuonane tukubaliane siku ya kuanza."

Abaki na nakala, na nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa.

Hatua ya tano: Mwajiri akikubali, kuwe na mapatano ya maandishi kati ya watatu: mfanyakazi, msomaji na ofisi. Yataje saa, malipo, siri, na nani atachukua nafasi siku msomaji akiugua. Msomaji atie sahihi ya saa zake kila wiki, na alipwe kwa risiti.

Hatua ya sita: Mwajiri akikataa, aombwe aandike sababu. Barua hiyo ipelekwe kwa afisa wa Baraza katika kaunti na kwa ofisi ya kazi. Kabla ya kufika huko, mara nyingi kikao kimoja cha upole, pamoja na mtu anayeheshimiwa pande zote, kinaweza kufungua njia.

9. Na kikundi chenyewe?

Ni rahisi kumnyoshea meneja kidole. Lakini kikundi nacho ni mahali pa kazi. Kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na wote hao husoma. Je, tumewahi kumchagua asiyeona kuwa mweka hazina wetu? Au tunampa tu kiti cha mbele na soda?

Hata bila pesa nyingi, kuna mambo tunayoweza. Kumbukumbu za mkutano zisomwe zote kwa sauti kabla ya kupitishwa. Hesabu zisomwe shilingi kwa shilingi, si kusema tu "mnaona hapo ubaoni". Taarifa zitumwe kwa ujumbe wa simu badala ya karatasi, ili simu isome. Na kikundi chenye mzunguko wa pesa kinaweza kutenga kidogo kila mwezi kumlipia msomaji mwanakikundi aliyejiajiri, ambaye hana mwajiri wa kumwandikia barua. Iandikwe katika daftari kama gharama ya kazi, pamoja na mbegu na nauli. Isiandikwe chini ya "misaada". Neno hilo moja lina maana kubwa kwa anayepokea.

Turudi kwa yule mama wa maziwa. Mwenyekiti wake alikuwa tayari kumchangia kibanda. Mchango wa kibanda ungeweza kumlipa msomaji kwa miezi mingi, na mama angebaki mahali ambapo ujuzi wake unajulikana. Nia ya kusaidia ilikuwepo, na pesa zilikuwepo. Kilichokosekana ni kumwuliza kwanza, "Mama, ni nini hasa kilichokushinda?"

Maswali ya kumalizia

1. Kwa maneno yenu wenyewe, elezeni kwa nini msomaji anafanana na taa ya ofisi.

2. Kuna mtu gani kijijini kwetu asiyeona aliyesoma lakini amekaa nyumbani? Amewahi kuulizwa ni nini kilimzuia?

3. Kama mwajiri atasema "sina pesa," ni mambo gani mawili katika somo hili tunaweza kumjibu?

4. Ni hatari gani zinazoweza kutokea kama msomaji ni jamaa wa karibu? Ni faida gani?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Watu wawili waende kwa afisa wa Baraza katika kaunti waulize juu ya uandikishaji na vifungu vya sheria ya 2025 kuhusu ajira, walete majibu kwa maandishi. Wengine wajaribu jambo hili: kila mmoja achukue barua moja ya kazi, ampe mwenzake amsomee huku yeye amefumba macho, kisha aifungue na kuangalia ni mstari gani ulirukwa. Leteni hesabu ya mistari hiyo katika mkutano, na tuanze mazungumzo yetu hapo.